Mshenga na Sahani ya Ukweni

Kosa lake la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba chakula cha nyumbani ndicho kinachoingia mwilini, na kile anachokula ukweni ni kazi tu, kama jasho au vumbi la barabarani. Daktari wa kituo cha afya alimwambia ana kisukari. Alimpa vidonge, akamweleza kwamba vidonge peke yake havitoshi, na kwamba anachokula kila siku ndicho kitakachoamua. Alirudi akamwambia mkewe apunguze ugali, aondoe sukari kwenye chai, azidishe mboga za majani. Ndani ya uzio wake wa minyaa akawa mgonjwa mtiifu kuliko wote niliowahi kuwaona. Akishatoka nje ya uzio, alikula kama mtu ambaye hajaambiwa lolote.

Na kutoka alitoka sana, kwa sababu alikuwa mshenga. Si mshenga wa siku moja, yule mjomba au jirani anayeombwa kupeleka posa na kisha kurudi kwenye shughuli zake. Huyu alikuwa ndiye anayetafutwa. Mji wetu wa Katoro umejaa vijana waliokuja kuchimba dhahabu kutoka kila upande wa nchi. Wapo ambao baba zao wako mbali, wapo ambao hawana kabisa wa kuwasemea. Wakipata mawe mazuri, jambo la kwanza ni pikipiki, la pili ni mke. Kwa pikipiki walikwenda dukani. Kwa mke walikwenda kwake. Sitamtaja jina. Mji mzima ulimwita Mshenga, watoto pia, na mkewe pia siku akikasirika.

Mimi ni fundi cherehani. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kufumua nguo za mitumba na kuzirudisha zilivyokuwa, mpaka nikaelewa. Pengine ndiyo maana sijiamini mpaka leo. Naweza kufumua mshono wa mteja mara ya tatu kwa sababu ya mkunjo ambao yeye mwenyewe hauoni, huku amesimama mlangoni ananiambia, "Fundi, nipe nguo yangu, harusi imeshaanza." Nina hofu na kila kitu: nguo, maneno, afya. Kibanda changu kilitazamana na nyumba ya Mshenga, na siku asizosafiri alikuja kukaa kwenye benchi langu. Mshenga haendi peke yake kwa watu; lazima awepo wa pili, wa kusikia na kukumbuka kilichosemwa. Yule aliyekuwa akienda naye alihamia Kahama, ndipo Mshenga akanichukua mimi.

"Wewe huongei," aliniambia. "Ndicho ninachotaka."

Kiuno chake ndicho kilichonishtua kwanza. Alileta suruali ya suti nimpunguzie. Baadaye akairudisha nimpunguzie tena. Aliporudi nayo kwa mara nyingine nilimwambia nguo imekwisha, mifuko ya nyuma inakaribia kukutana.

"Punguza tu," alisema. "Uzee ni fundi kuliko wewe."

Nilicheka kwa adabu, nikabaki na wasiwasi. Kwenye koti la suti hiyohiyo, nilipopindua mfuko kuushona, nilikuta chengachenga tamu: michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, ambavyo kwetu mtu hutafuna akiwa njiani. Wakati huo nilikuwa nimeanza kusikia fununu za ugonjwa wake, nikamuuliza. Alinitazama kama nimemtukana.

"Hivi ni viazi, fundi. Vimetoka shambani. Sukari inatoka kiwandani."

Kisha akaniagiza nimwongezee kina cha mfuko, Mama Kulwa asivione.

Mama Kulwa, mkewe, ndiye aliyenitajia ugonjwa wenyewe. Aliniita jikoni kwake siku moja nilipopeleka lile koti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu angalia hapa."

Alifunua sahani. Kulikuwa na ugali wa mtama wa ukubwa wa ngumi, mlenda, majani ya kunde makavu yaliyoungwa kwa karanga, na kipande cha sato wa kuchemsha.

"Hiki ndicho alichokula jana, ndicho atakachokula leo. Unaona kosa?"

"Silioni, mama."

"Basi kwa nini nesi ananiambia sukari inapanda? Ananiangalia mimi, kama mimi ndiye ninayemlisha kwa siri. Mkienda huko, anakula nini?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Mimi ndiye niliyechukuliwa kwa sababu siongei. Alinisubiri, akaona hakuna kitakachotoka, akafunika sahani.

"Mimi napika dawa," alisema, "wao wanapika sumu, halafu akirudi anawasifu wao."

Ni kweli aliwasifu. Nataka nieleze alivyokuwa akila, kwa sababu asiyemwona akila hawezi kuelewa. Alinawa polepole, kila kidole, kama mtu anayejiandaa kushika kitabu kitakatifu. Alimega tonge kubwa, akalibonyeza katikati kwa dole gumba, akachota mchuzi, na kabla hajameza akauliza kuni za chakula hiki ni za mti gani, maana moshi wake umekaa vizuri. Hapo mama wa binti, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango asikilize, alicheka, na nyumba nzima ikalegea. Aliisoma sahani kama wengine wanavyosoma uso. Paja la kuku likiwekwa upande wake, wamekubali. Wakileta shingo na mabawa, wanataka ng'ombe waongezwe. Ugali ukija umepoa, kuna mtu humo ndani hataki, na kazi ni kumjua ni nani kabla ya maji ya kunawa mara ya pili. Mara nyingi alijua.

"Mdomo unaosema na mdomo unaokula ni mmoja," alikuwa akisema. "Ukiufunga kwa hili, umeufunga na kwa lile."

Lakini haikuwa ufundi tu. Ilikuwa hofu, na mimi hofu naitambua popote ilipo. Katika nyumba nyingi za huku, mgeni akikataa chakula haonekani mgonjwa wala aliyeshiba. Anaonekana amewahofia. Amewaambia, bila kutamka, kwamba anadhani wameweka kitu. Mshenga aliyewaambia watu kwamba ni wachawi hawezi kuondoka na binti yao. Aliniambia hivyo waziwazi tukiwa safarini, na akanipa mfano wa mshenga mmoja wa zamani aliyesingizia tumbo kuuma. Posa ile ilivunjika, na yule mtu hakutumwa tena na yeyote mpaka anakufa.

"Sasa mimi niseme nini?" aliniuliza. "Niseme damu yangu ina sukari? Watacheka. Watasema, basi sisi tukupe chumvi?"

Kilichonichanganya ni kwamba katika mambo mengine yote hakuwa mtu wa kuficha. Sifa yake kubwa ilikuwa kutaja kasoro ya kijana wake kabla ya kutaja ng'ombe. "Kijana wetu ana hasira, lakini hapigi." "Kijana wetu anakunywa, ila analala kwake." Siku moja alisema mbele ya wazee wa watu kwamba mwoaji ana mtoto tayari huko Mbeya, na yule kijana, aliyekuwa akisubiri nje, karibu akimbie. Walimpa binti. Walisema wakidanganywa watadanganywa na wengine, si na huyu. Mtu huyo hakuweza kutaja kasoro ya mwili wake mwenyewe.

Na aliwakaripia wengine. Wachimbaji walipita kwenye kibanda changu na chupa za vinywaji vya kuongeza nguvu, wanakunywa kama maji.

"Kijana, utakojoa asali wewe!"

"Mzee wa posa, niache ninywe, kesho nashuka shimoni, duarani. Nikifa utanitafutia mke huko chini?"

"Huko chini mahari yake huiwezi."

Walicheka wote, yeye pia, halafu wakamnunulia soda. Ndivyo heshima inavyotolewa Katoro: mzee ananunuliwa soda. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema wabeja, asante ya Kisukuma, na akainywa mpaka mwisho mbele yao. Mimi nilikuwa nashona na sioni mshono.

Nikawa nasoma. Nilitafuta kwenye simu kila kitu kuhusu kisukari na chakula, nikasoma yaliyoandikwa vizuri na ya kipuuzi, nikashindwa kutofautisha, nikaenda kituo cha afya kumuuliza nesi kama vile mgonjwa ni mimi. Nesi alinieleza mambo ambayo mpaka leo nayajua kama namba za nguo: mtu hahitaji kuacha ugali, anahitaji kuupunguza na kujaza mboga na kitoweo, viazi vikavu na vyenyewe vinapandisha sukari, soda iwe mwiko. Na akanionya jambo ambalo sikulitarajia. Mtu anayemeza vidonge kama vile hatakiwi kukaa na njaa. Sukari inaweza kushuka chini kabisa, naye akaanguka.

"Anatetemeka? Anatoka jasho bila sababu? Anachanganya maneno?" nesi aliuliza. "Hapo mpe kitu kitamu haraka. Hapo tu."

Nilipomwambia Mshenga, alinisikiliza kwa upole, kisha akaniuliza kama kola ya shati lake iko tayari.

Sikujua kwamba alikuwa ameshaongeza kosa juu ya kosa. Siku za safari alimeza kidonge asubuhi na hakula kitu, ili awe na nafasi ya chakula cha ukweni. Aliona ni hesabu nzuri: huku nimepunguza, kule nitaongeza. Hilo nililijua siku ya posa ya Runzewe.

Tulikwenda kumposea mchimbaji mmoja aitwaye Masanja. Familia ya binti ilikuwa ya watu wenye ng'ombe na wenye msimamo. Baba wa binti alikaa kimya muda mwingi. Aliyesema ni shangazi yake binti, dada wa huyo baba, mwanamke mnene mwenye ulimi. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake: chakula na kinywaji haviletwi mpaka neno limekubaliwa. Tuliona kreti la soda kwenye kona, na jikoni kuku alikuwa akinukia, lakini mbele yetu hapakuwa na kitu isipokuwa maji.

Mazungumzo yalivuta. Shangazi alitaka kujua mchimbaji akifukiwa na udongo binti yao atarudi na nini. Mshenga alijibu vizuri, halafu akajibu vizuri kidogo, halafu nikaona shingo ya shati inalowa.

"Mshenga gani huyu anatoka jasho hatujataja ng'ombe?" shangazi alisema. "Subiri tutaje, utatoka damu."

Watu walicheka.

"Jasho la heshima, shangazi," alisema Mshenga, lakini midomo ilikuwa inacheza.

Kisha akamtaja mwoaji kwa jina la kijana mwingine, wa posa nyingine. Akarudia. Wazee wakatazamana. Aliinua mkono kujisahihisha, na ule mkono ukabaki hewani kama hajui ni wa nani. Mimi niliyechukuliwa kwa sababu siongei nikasimama.

"Naomba soda. Tafadhali, soda moja."

"Soda ni baada ya neno," alisema mzee mmoja.

"Mzee wangu, anaanguka."

"Kama ameshindwa na maneno aseme ameshindwa!"

Mshenga akainama taratibu upande wa kushoto, akalala juu ya mkeka kama mtoto aliyechoka. Sikusubiri ruhusa. Nilikwenda kwenye kreti, nikafungua chupa kwa meno, kitu ambacho sijawahi kufanya kabla wala baada, nikamwinua kichwa na kumpa kidogo kidogo, nikiomba ameze. Alimeza. Nusu ya chupa ilimwagika kwenye koti nililolishona mwenyewe. Baba wa binti alikuwa amesogea, amepiga magoti karibu yangu, anaangalia ile chupa na ule mdomo kwa namna ambayo sikuielewa. Hakuuliza chochote. Hilo pia sikulielewa.

Mshenga alipofungua macho, jambo la kwanza alilofanya ni kuweka koti sawa.

"Malaria, wazee wangu," alisema. "Malaria inanisumbua tangu juzi. Mtuwie radhi."

Akanitazama. Nikafuta soda kwenye koti lake.

Shangazi aliona aibu kwa maneno yake. Neno likakubaliwa haraka, nadhani kwa huruma, na chakula kikaja: wali, ugali, kuku mzima, na soda kwa kila mtu, mbili kwa mgonjwa. Shangazi alimpakulia mwenyewe, akijaza kwa mkono wa mtu anayeomba msamaha. Baba wa binti alisema anakwenda kuangalia ndama, akatuacha tule bila yeye. Tuliona ni dharau. Mshenga alikula kila kitu. Sijawahi kumwona mtu anakula kwa huzuni namna ile, tonge baada ya tonge, akisifu kuni.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia yote niliyokuwa nimeyafunga. Nilimwambia atakufa. Nilimwambia kwamba Mama Kulwa analia. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Mtu anayepeleka neno la ndoa haendi na ugonjwa. Wakijua, kesho watamtuma mwingine. Na mimi nikikaa nyumbani ninaangalia ule ugali wa ngumi, nitakufa kwa ugonjwa ambao daktari hana jina lake."

Nilikuwa nimesoma habari za vyakula, sikuwa nimesoma habari ya hilo.

Tangu Runzewe alianza kutafuta njia ya kula na kutokula kwa pamoja. Mtu wa mnadani alimuuzia magome machungu, akamwambia uchungu huula utamu tumboni. Akawa akitoka ukweni anakunywa kikombe cha magome, uso umekunjamana, kisha anatulia kama aliyeungama. Na michembe ilibaki mfukoni. Niliziba ule mfuko kwa uzi mweusi bila kumwambia. Aliuchana kwa ufunguo.

Mguu wake uliondoka kwa sababu ya jiwe dogo. Tulikuwa tumetembea kutoka barabara kuu kwenda kijiji kimoja huko Bukombe, yeye na viatu vyake vya ngozi vya posa. Tulipofika tukavua viatu mlangoni, na mtoto wa nyumba ile akasema, "Babu ana damu." Soksi ilikuwa imeloa. Niligeuza kiatu, kikadondoka kijiwe cheupe, chenye ncha, kama vile vinavyotapakaa kwenye mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Alikuwa amekikanyaga njia nzima. Nilimwangalia nikitegemea asikie maumivu. Sukari ilikuwa imeshaua hisia za miguu yake; aliuangalia mguu kama kitu kilicholetwa na jirani.

"Hata sikusikia," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona ameogopa.

Akaingia ndani, akakaa, akala.

Yaliyofuata siwezi kuyaandika kwa utaratibu, na nimejaribu. Kidonda kilipona juu na kuoza chini. Mama Kulwa alikisafisha kwa maji ya chumvi. Mtu wa magome akaleta unga wa kunyunyiza. Nilikwenda kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda, na kila asubuhi nilijua kwa harufu, kabla sijapiga hodi, kwamba hakijapona. Nilipika maneno ya kumshawishi aende hospitali, nikayapanga vizuri, nikayasahau mbele yake. Aliyemtoa hatimaye ni binti yake, Kulwa, aliyeolewa Shinyanga. Alikuja na gari la kukodi, hakumsalimia mtu, akamwambia baba yake, "Panda." Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Waliporudi kupima wakaona haijatosha, wakamkata juu ya goti.

Nilikwenda kumwona mara ya mwisho nyumbani kwa Kulwa huko Shinyanga, upande wa pili wa reli. Alikuwa kwenye kiti uani, kivulini mwa ukuta, shuka limekunjwa pale ambapo mguu ulikuwa. Jicho moja lilikuwa limefifia. Kulwa alimwekea sahani ndogo, mlenda na maharage na ugali kidogo, naye akala bila kulalamika. Pembeni yake, juu ya meza, palikuwa na soda, juisi za boksi, biskuti, maandazi kwenye mfuko, vimerundikana kama duka.

"Ni vya nani hivi, mzee?"

"Vyangu. Watu wa Katoro wanakuja kuniona. Mtu hamtembelei mgonjwa mikono mitupu." Alitabasamu kidogo. "Kulwa anawagawia watoto wa mtaa. Wananiombea nisipone."

"Hawajui kilichokata mguu?"

"Wanajua ni pikipiki."

"Nani kawaambia ni pikipiki?"

Alikuwa akinitazama kwa jicho zima.

Ndipo alipoingia yule shangazi wa Runzewe. Sikumtambua mara moja, alikuwa amekonda. Masanja na mkewe walikuwa wameshapata mtoto, na kwa watu wale mshenga aliyeleta ndoa yenye heri haachwi akiugua. Alisema kaka yake, baba wa binti, yuko hospitali ya mkoa kwenye foleni ya kliniki, naye ametoka kidogo aje kumwona mzee. Akapiga goti kusalimia, kisha akafungua kikapu, akatoa soda mbili na kuziweka mezani pamoja na nyingine.

Mshenga alizitazama zile soda muda mrefu. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka.

"Shangazi," alisema, "hizo siwezi. Nina sukari. Siku ile Runzewe haikuwa malaria. Na mguu huu haukuchukuliwa na pikipiki."

Nilisikia Kulwa jikoni ameacha kusugua sufuria.

Shangazi alikaa chini pale pale, kwenye udongo, kitenge kikiburuta.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningekataa vipi chakula chenu?"

"Kaka yangu ana sukari," alisema shangazi. "Miaka yote. Unadhani tumemleta kliniki gani? Siku ile alijua. Alivyoona unavyotetemeka alijua, aliniambia jioni, mimi nikabisha, maana wewe ulisema malaria. Hakutaka kukuaibisha mbele ya watu. Na hakula na nyinyi kwa sababu chakula chake kilikuwa jikoni, chungu cha peke yake, mlenda na mtama. Tunamfichia. Tunasema anakwenda kuangalia ndama." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kilikuwepo, mzee. Kilikuwa kinatosha wawili."

Treni haikupita, wala mvua haikunyesha. Ilikuwa alasiri ya kawaida, na kuku wa Kulwa walikuwa wanachakura pale shangazi alipokaa. Mshenga alijaribu kucheka, kicheko chake kile cha kulegeza nyumba za watu, na hakikutoka.

"Kumbe," alisema. Baada ya muda akasema tena, "Kumbe." Kisha akaniomba nimsogezee kiti, jua lilikuwa limemfikia.

Alifariki kabla ya msimu wa pamba. Kwenye msiba wake walipika wali na kuku, wakagawa soda.

Siku hizi ninayetumwa kuposa ni mimi. Bado naogopa, na bado siongei vizuri. Lakini nikishasalimia, kabla sijakaa, huwaambia wenyeji kwamba nitakula ugali kidogo na mboga nyingi, na kwamba soda sinywi. Mimi sina kisukari, nimepima. Ninasema hivyo ili kama humo ndani yupo aliyefichiwa chungu, aje akae nasi. Nyumba moja ilitufukuza. Katika nyumba mbili ametoka mtu jikoni na sahani yake, akakaa, tukala.